Mafuta ya Kondoo Kwenye Rili

Vijana wangu wa Jumamosi, mnaokuja kwangu kujifunza rili, mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu rili za zamani kabla sijayasahau. Kwanza, sijaanza kusahau. Pili, mkono wangu umezoea bisibisi kuliko kalamu, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupambwa. Ila Godi, yule wa bodaboda wa Sombetini, amenisumbua mpaka nimesalimu amri. "Bibi, wewe andika tu, sisi tutasoma." Haya, someni.

Kwa wale waliojiunga juzi: rili ni kile kidude cha chuma kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Kina mpini wa kuzungusha pembeni, bobini ya kukunjia mshipi kwa mbele, na breki ndani yake. Ninazozikusanya mimi ni zile ndogo, nyepesi, ambazo ukiziweka kiganjani hazizidi kiazi. Zilitengenezwa na watu ambao hawakuwa na haraka. Za siku hizi za plastiki sizisemi vibaya, maana nazo zina kazi yake, lakini zikiharibika mnatupa. Ya zamani ikiharibika inakwambia inaumwa wapi, kama una subira ya kuisikiliza.

Kuhusu kununua. Rili ya zamani hainunuliwi kwa macho. Mwezi uliopita Godi aliniletea moja inang'aa sana. "Shikamoo Bibi! Cheki hii, kali kinoma." Nikaitikia marahaba, nikaishika, nikafumba macho, nikazungusha mpini taratibu kwa kidole kimoja. Ikakwama. Nikazungusha tena, ikakwama palepale. Nikamwambia, "Godi, mjukuu wangu, umenunua rangi." Kumbukeni hili: ikikwama mahali palepale kila mzunguko, gia ina jino lililokatika, achana nayo. Ikikwamakwama ovyo, mara hapa mara pale, ni uchafu na grisi iliyokauka. Hiyo nunua, tena usionyeshe furaha mbele ya muuzaji. Na kama imetoka pwani, fungua kifuniko kwanza. Ukikuta unga mweupe ndani, chumvi imeshakula, mrudishie mwenyewe kwa heshima zote.

Hayo sikuyatoa kichwani mwangu. Mimi ni Mmeru, mzaliwa wa Kikwe, nimekulia kwenye mahindi na maharage, na mpaka naolewa nilikuwa sijaona rili. Niliolewa Olmotonyi, kwa Waarusha. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa kibarua kwenye bustani ya miche ya miti, na mimi nikapata kazi ya kuosha vyombo juu kidogo ya kijiji, kwenye nyumba ya wageni ya Mama Urio. Huyu alikuwa mjane wa Kichaga, mwanamke wa maneno machache, aliyenunua jumba la shamba la zamani lenye mabwawa mawili ya trauti, samaki wa maji baridi, na kijito cha maji ya barafu kinachoshuka kutoka Mlima Meru. Wageni walikuja kuvua. Siku moja nilitumwa kusafisha stoo nikakuta sanduku la mbao limejaa rili zilizoachwa na wenye shamba wa kwanza. Mama Urio alitaka zitupwe. Nikamwomba anipe moja nikaiangalie.

Nikaipeleka Sombetini kwa Mzee Issa, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa akitengeneza cherehani kwenye kibaraza cha bati. Nilimchagua yeye kwa sababu hakuwa na tabia ya kumfukuza mwanamke anayeuliza maswali. Akaigeuza, akaizungusha, akaitegea sikio, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, hii ni cherehani iliyokosa sindano. Kaa hapo."

Nikakaa. Nilikaa kila siku yangu ya mapumziko kwa muda mrefu, na Mzee Issa hakunificha kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha trei ya mayai, ile mnayonicheka nayo. Unapofungua rili, skrubu ya kwanza weka shimo la kwanza, kinachofuata shimo linalofuata, mpaka umalize. Ukitaka kuirudishia, unaanza na shimo la mwisho unarudi nyuma. Nimeona vijana wenye simu za bei mbaya wanafuata video hatua kwa hatua, halafu mwishoni wamebaki na springi moja mkononi, wananitazama mimi. Video haiwezi kukuinamia chini ya meza kutafuta springi. Trei ya mayai haikuruhusu kuipoteza.

Alinifundisha pia kuosha: mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, kisha kuanika vipande vikauke kabisa. Halafu mafuta ya cherehani, tone moja moja, kwa ncha ya unyoya wa kuku. Mtu anayemimina mafuta kwenye rili ndiye yule anayemimina chumvi kwenye mboga akidhani ni upendo. Na breki haipakwi kitu. Mle ndani mna visahani vya kitambaa kigumu cha sufu, kama kile cha kofia za pama, navyo vinatakiwa vikavu ili vishike na kuachia. Trauti akishanasa huwa anakimbia. Mshipi wetu ni mwembamba, kwa hiyo breki ndiyo inayomwambia, haya nenda, lakini nenda kwa adabu. Breki ikigoma, mshipi unakatika na samaki anaondoka na ndoano yako.

Kwa kuwa nimetaja kofia za pama: Baba Neema alikuwa nayo moja ya kijivu, ya Jumapili. Visahani vya breki vilikuwa vimeliwa na nondo na sikuwa na pa kununulia vingine. Nikaitazama ile kofia, nikajiambia ukingo wake ni mpana mno kwa mtu mfupi. Nilikata vipande vya duara, safi kabisa, kwa mkasi wa Mzee Issa. Jumapili Baba Neema akaichukua, akaona jua linapita. Aliivaa hivyohivyo njia nzima ya kwenda kanisani, kunikomoa, akiwasalimia watu wote kwa kuivua na kuivaa tena. Lakini zile breki mpaka leo zinafanya kazi, na moja iko kwenye rili ambayo mwenzenu Happy anaitumia kila Jumamosi bila kujua anavulia kofia.

Sasa nifike kwa mama mkwe wangu, kwa sababu kuna kosa moja ambalo hamtalikuta kwenye video yoyote, na lilifanyika jikoni kwake.

Sote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, lugha ya Waarusha pia. Alikuwa mrefu, mkavu, na akisimama mlangoni hukuweza kupita mpaka aamue. Kwa watu wa umri wake kule kwetu, samaki hakuwa chakula. "Huyo ni nyoka aliyekimbilia majini," alikuwa akisema. Siku ya kwanza niliyopewa trauti na Mama Urio nikampika nyumbani, Yeyo alitoa ile sufuria nje na sufuria haikurudi tena. Kuanzia hapo nikajifunza kula samaki kazini.

Pamoja na hayo, nilipomzaa Neema hakuna aliyenilea kama yeye. Alichinja kondoo, akayeyusha mafuta ya mkia, akayaweka kwenye kibuyu kidogo cha peke yake, akawa ananinywesha kidogo kidogo kwenye supu mpaka mgongo ukarudi. Yale mafuta yalikuwa ya mzazi. Hata Baba Neema alipopasuka miguu hakuguswa nayo. Kwa Yeyo, kila kilichokauka au kilichoumwa kilikuwa na mafuta yake ya kondoo: ngozi, kisu, kifua cha mtoto, bawaba ya mlango. Lakini hayo yalikuwa ya daraja la kawaida, kwenye kopo. Ya kibuyu yalikuwa ya uzazi.

Neema alipoanza kutembea, Yeyo akanikalisha chini. Alikuwa na Kiswahili kichache, na hakukipoteza.

"Mama Neema, acha kazi."

"Yeyo, kazi ile inatusaidia."

"Mtoto anashinda kwa jirani. Mama yake anashinda na vyuma vya nyoka. Mimi silei mtoto ili wewe uende huko. Acha."

Baba Neema alikuwepo. Aliangalia paa kana kwamba linavuja. Nikamwomba Yeyo anipe nafasi mpaka mavuno, akakubali kwa kunyamaza, na kunyamaza kwake tulikujua, kulikuwa na mwisho. Nawaambia wazi, niliumia. Wakati huo Mama Urio alikuwa ameshanitoa kwenye vyombo na kunikabidhi stoo yote ya uvuvi, na wageni walikuwa wanaulizia rili kuukuu kabla hawajaulizia chumba. Maisha yangu yote nilikuwa nimefanya kazi ambazo mtu yeyote angeweza kuzifanya. Hii ilikuwa ya kwanza iliyokuwa yangu. Sikutaka kuiacha, na sikutaka kugombana na mwanamke aliyenilea uzazini.

Kabla ya mavuno Mama Urio akapata wageni wakubwa, kundi la wazee kutoka ng'ambo wanaopenda rili nyepesi za zamani kama nyinyi mnavyopenda mpira. Walikuja kwa ajili ya lile sanduku. Mama Urio akaniita.

"Mama Neema, hawa wakiridhika watatuletea wenzao. Sitaki aibu."

"Hutaiona," nikasema.

Stoo ilikuwa inavuja, kwa hiyo nilizibeba rili zote nikaenda kuzifanyia kazi nyumbani. Asubuhi nikazifungua, nikaziosha, nikapanga vipande kwenye trei za mayai juani vikauke. Nilipanga alasiri nizipake mafuta na kuzifunga, maana alfajiri gari lingepita kunichukua. Mara Neema akaanza kuchemka. Alikuwa na homa ya kutetemeka. Nikamfunga mgongoni nikaacha kila kitu, nikakimbilia zahanati, na huko foleni ndiyo mnaijua. Tuliposhughulikiwa na mtoto akapoa, jua lilikuwa limeshainama.

Niliporudi nikamkuta Yeyo amekaa kwenye kigoda jikoni kando ya moto, trei zangu zimemzunguka. Mikononi alikuwa na unyoya wa kuku. Kumbe alikuwa akiniangalia siku zote nilipodhani hanitazami.

"Nimemaliza," akasema. "Ulikuwa unahangaika asubuhi. Mtoto anaendeleaje?"

Nikachungulia. Kila kipande kilikuwa kinang'aa. Kila gia, kila springi, na visahani vya breki pia, vimeloa kabisa. Hakuchanganya hata skrubu moja; kila kitu kilikuwa kwenye shimo lake. Na kando yake, pale chini, kibuyu kidogo kilikuwa kimelala ubavu, kitupu.

Hakutumia ya kopo. Mwanamke aliyetupa sufuria kwa sababu ya samaki alikuwa amevishika vyuma vya samaki kimoja kimoja, na kuvipa mafuta ya uzazi.

Najua mnachosema. Ningechukua mafuta ya taa nikaosha upya. Mnasema hivyo kwa sababu hamjawahi kuwa mkwe. Ningeyamwaga yale mafuta mbele ya macho yake, kwenye udongo wa ua wake? Nikasema, "Asante, Yeyo." Nikakaa karibu naye nikaanza kuzifunga. Pale kando ya moto zilizunguka laini, wala sijawahi kusikia rili inazunguka kimya namna ile. Nikajipa moyo kwamba labda jua litawahi kutoka.

Halikuwahi. Mnaijua asubuhi ya Meru wakati wa baridi, ukungu mpaka magotini, pumzi inaonekana. Mafuta ya mkia wa kondoo yakipata baridi ile yanaganda. Wazee wa watu wamesimama kando ya kijito, wamevaa vizuri, wanazungusha mipini na mipini haizunguki. Nikachukua mbili nikaziweka kwapani, moja kila upande, nikazileta zimepata uhai, zikazunguka kidogo, zikalala tena. Mgeni mmoja akafanikiwa kurusha, na kwa bahati mbaya yake trauti mkubwa akanasa. Samaki akakimbia, breki ikakataa kuachia. Mshipi ukakatika. Yule mzee aliitazama fimbo yake, nikatamani kijito kinibebe.

Mama Urio alichukua rili, akainusa.

"Haya ni mafuta gani?"

"Ya kondoo."

"Nani kayapaka?"

Lomayani, dereva wetu, jirani yangu wa Olmotonyi, alikuwa amesimama hapo karibu. Nilijua nikitaja jina, kabla ya jioni kijiji kizima kitakuwa kinamcheka Yeyo. Nikasema, "Mimi."

Mama Urio aliinusa tena ile rili. "Wewe? Uliyenifundisha hata mimi kwamba breki haipakwi?" Akanyoosha mkono. "Nipe funguo za stoo. Nenda nyumbani."

Nilitembea kwa miguu kurudi. Njiani nililia, sioni aibu kusema. Nilipofika nikanawa uso, nikaingia, nikamwambia Yeyo kwamba nimeacha kazi kama alivyotaka. Nilitegemea afurahi. Aliniangalia tu, akauliza, "Vile vyuma vilizunguka?"

"Vilizunguka, Yeyo."

Nafikiri lile jibu lilitoka haraka mno. Kesho yake nilikuwa nyuma ya nyumba nikipalilia, Lomayani akapita kuleta sweta nililolisahau. Sikumsikia akiingia. Nilichosikia ni sauti ya Yeyo inamhoji kwa Kimaasai, na Lomayani, ambaye hajawahi kumdanganya mzee maishani mwake, anajibu swali moja baada ya jingine. Nilipozunguka mbele, mlango ulikuwa wazi na hawakuwepo wote wawili. Shuka yake nyekundu ya sherehe haikuwa kwenye kamba, wala shanga zake za shingoni.

Kilichotokea kule juu alinisimulia Lomayani, kwa sababu ndiye aliyetafsiri. Anasema Yeyo alikataa kiti, akakataa chai. Alisimama katikati ya ule uwanja, mabwawa ya trauti nyuma yake, akamwambia Mama Urio:

"Mafuta ni yangu. Nilipaka mimi, mke wa mwanangu hakuwepo, alikuwa zahanati na mtoto. Alipoyaona alijua ni mabaya. Hakuyamwaga kwa sababu yangu. Na jina langu hakulitaja kwa sababu yangu. Kama unamfukuza fundi mbaya, mimi hapa, nifukuze. Yule mwingine ni fundi mzuri, nimemtazama."

Mama Urio, anasema Lomayani, aliuliza swali moja tu: mafuta yale yalikuwa ya nini hasa. Alipoambiwa ni ya mzazi, akainuka akaingia ndani.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilikuwa nimekaa na Neema mapajani, homa imeisha, anavuta vuta kitenge changu, na ninafikiria nitaanza kuuza maharage gulioni. Yeyo akaingia, vumbi mpaka kwenye magoti. Alishuka kule kote kwa miguu kwa sababu alikataa gari. Hakunisalimia. Alifungua fundo la shuka yake, akatoa funguo za stoo, akaziweka juu ya kigoda. Halafu akaninyooshea mikono, akamchukua Neema mapajani mwangu, akamfunga mgongoni kwake.

"Kesho uende mapema," akasema. "Huyu nitabaki naye mimi."